MAISHA YA GEOFFREY GRIFFIN, MWOMBAJI WA WATOTO WA NAIROBI



Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri umezoea kubeba majina makubwa: wafalme, wavumbuzi, wakubwa wa vita. Mara hii tumechagua mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuomba. Aliomba mabati, aliomba vitanda, aliomba feza, wala hakuona haya, maana hakuwa akijiombea mwenyewe. Jina lake ni Geoffrey William Griffin, na shule aliyoianzisha pamoja na wenzake wawili kule Nairobi inaitwa Starehe. Alikufa mwaka wa 2005, wakati wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa bado.

Pengine mtauliza: Nairobi ni mbali, sisi wa Goma inatuhusu nini? Jibu liko barabarani. Pita Birere saa za jioni, au zunguka soko la Virunga, hutakosa kukutana na wale tunaowaita maibobo. Wengine wamefiwa na wazazi. Wengine walikimbia vita vya Masisi na Rutshuru wakapotezana na ndugu zao njiani. Wengine walitengana na wazazi usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto na mji mzima ukashika njia, baba huku, mama kule, mtoto peke yake. Na kuko wengine waliobeba bunduki. Tangu vita vya 1996 inchi yetu inajua neno kadogo, na tunajua vizuri si jina la kuchezea.

Basi swali ni lile lile kila siku: watoto hawa wafanyiwe nini? Wafukuzwe mjini? Wafungwe? Wapewe sahani ya chakula halafu waachwe? Griffin alikutana na swali hilo akiwa kijana, katika inchi iliyokuwa vitani, na jibu alilolipata alilifanyia kazi mpaka kufa.

KIJANA WA ELDORET

Griffin alizaliwa mwaka wa 1933 huko Eldoret, magharibi ya Kenya. Wakati ule Kenya ilikuwa koloni ya Waingereza. Yeye alikuwa mtoto wa Wazungu, na alisoma kama watoto wa Wazungu walivyosoma, mbali na watoto weusi. Shule yake ya sekondari ilikuwa Prince of Wales School, mjini Nairobi, ambayo siku zile ilikuwa ya wavulana weupe peke yao. Leo inaitwa Nairobi School na ni ya Wakenya wote. Baada ya shule hakwenda kusomea ualimu, wala hakuna aliyeweza kubahatisha kwamba siku moja atakuwa mkuu wa shule. Alifanya kazi katika idara ya kupima ardhi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wakikuyu, na pamoja nao Waembu na Wameru, walikuwa wamenyang'anywa mashamba, na wengi wao walikula kiapo cha kupigania ardhi na uhuru. Ndio hao walioitwa Mau Mau. Vita vilivyofuata vilikuwa vikali. Mwezi wa Aprili 1954 askari walizunguka Nairobi yote wakakamata watu nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa katika kambi za kizuizi. Kule vijijini zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu toka nyumba zao na kuwekwa katika vijiji vilivyolindwa na askari.

Sisi tuliokulia Kivu hatuhitaji kuelezwa mambo kama hayo yanazaa nini. Baba yuko kambini, mama amehamishwa, shamba limekufa, mtoto anashika barabara ya mjini. Nairobi ikajaa watoto wasio na mtu.

Griffin naye aliingia jeshini, katika lile jeshi la King's African Rifles, akawa afisa. Kwa hiyo alikuwa upande wa wenye nguvu. Tunalisema wazi, kwa sababu maisha yake hayawezi kueleweka bila jambo hilo. Lakini akiwa humo aliona jinsi watu walivyotendewa, na moyo wake ukakataa. Muda wake ulipokwisha hakutaka kuendelea na kazi ya bunduki. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheo na mshahara, aliyelelewa kuamini kwamba watu wake ndio wenye haki, akageuka akatafuta kazi nyingine. Sio wengi waliofanya hivyo.

MANYANI NA WAMUMU

Kazi aliyoipata ilikuwa ya vijana, chini ya serikali ile ile. Kando ya reli ya Mombasa, katika inchi kavu ya Tsavo, kulikuwa na kambi kubwa iliyoitwa Manyani. Ndani yake, katikati ya maelfu ya wanaume waliofungwa, kulikuwa na wavulana wadogo. Wengine walikuwa wamekula kiapo, wengine walikuwa wamebeba chakula au habari kwa wapiganaji wa msituni, wengine walikamatwa tu kwa sababu walikuwa barabarani siku ya msako. Walilala na watu wazima, walisikia ya watu wazima, na hawakuwa na shule.

Griffin alikuwa mmoja wa wale waliofanya kazi ya kuwatenga vijana hao na wakubwa, na kuwatafutia maisha mengine. Mwaka wa 1956 zaidi ya elfu moja kati yao walihamishiwa Wamumu, katika uwanda wa Mwea. Huko walisoma, walijifunza kazi za mikono, walicheza mpira, na walitafutiwa kazi kabla ya kurudi kwao.

Lazima tuseme ukweli wote. Wamumu ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na serikali ile ilitaka vijana wenye kutii. Watoto hawakuchagua kwenda huko. Wanahistoria wamelisema jambo hilo, na ni haki lisemwe. Hatuandiki hapa juu ya malaika.

Lakini Griffin alitoka Wamumu na somo moja lililomshika maisha yake yote. Aliona kwamba kijana ambaye watu wote walimhesabu kuwa mwuaji, ukimpa kazi yenye maana na ukamwachia madaraka, anaweza kuyabeba. Mvulana aliyeogopwa jana, leo anaongoza wenzake kumi uwanjani, anahesabu vyombo vya fundi, analinda stoo, na hakuna kitu kinachopotea. Si kwamba vijana wote walibadilika. Ila waliobadilika walikuwa wengi kuliko watu walivyodhani.

VIBANDA VIWILI VYA BATI

Tukumbuke kwamba Nairobi ilikuwa bado imejaa watoto wa barabarani. Polisi waliwakamata, wakawarudisha vijijini, na baada ya majuma machache walikuwa wamerudi tena, kwa sababu kule kijijini hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Griffin alitaka paanzishwe mahali pa kuwakusanya na kuwasomesha hapo hapo mjini.

Tarehe 14 Novemba 1959 Starehe ilianza. Griffin alikuwa na miaka 26. Mahali penyewe ni upande wa mashariki wa mji, karibu na mitaa ya Pumwani na Eastleigh. Majengo yalikuwa vibanda viwili vya bati, vilivyotolewa na makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Ndani yake waliingia wavulana wachache waliokuwa wakilala nje. Ni hayo tu. Hapakuwa na ukuta wa mawe wala maabara.

Hapa tunaomba wasomaji wetu wasimame kidogo, kwa sababu jambo linalofuata watu wengi hulipita mbio. Griffin hakuanza peke yake. Walikuwa watatu. Wa pili aliitwa Geoffrey Geturo, na wa tatu Joseph Gikubu. Wote wawili walikuwa Waafrika waliofahamiana naye katika kazi ya vijana. Na Gikubu huyo, katika ujana wake, alikuwa mfungwa wa Mau Mau.

Fikirini sasa. Mmoja alikuwa afisa wa jeshi lililowinda Mau Mau. Mwingine alifungwa na serikali ya jeshi lile. Hali ya hatari yenyewe ilikuwa haijafutwa bado, ilifutwa Januari 1960. Na watu hao wanakaa chini ya bati moja, wanapanga namna ya kupata blanketi na uji wa watoto. Hatujui mkutano wa upatanisho ulio mkubwa kuliko huo. Sisi katika mji wetu tumezoea kuuliza kwanza mtu ni kabila gani, na kaka yake alikuwa upande gani wa vita. Swali hilo kama lingeulizwa mwaka ule pale Starehe, shule isingekuwako.

Tena hawakuachana mwaka wa pili, feza zilipopungua. Urafiki huo ndio uliobeba shule kwa miaka mingi. Ukisikia watu wakimsifu Griffin peke yake, wakumbushe kwamba chungu hukaa juu ya mafiga matatu.

KAZI YA KUOMBA

Watoto hula kila siku, na bati tupu halilishi mtu. Ndipo Griffin akawa mwombaji. Mwishoni mwa maisha yake alimsimulia mwandishi Yusuf King'ala habari zake, na kitabu kilichotoka humo mwaka wa 2005 kinamtaja kwenye jalada kuwa bingwa wa waombaji wa Kenya. Jina hilo ni la kuchekesha, lakini lina ukweli.

Aliomba kwa namna gani? Kwanza aliomba kwa walio karibu, makampuni na watu wa Nairobi wenyewe. Pili alipata msaada wa chama cha Save the Children cha Uingereza, ambacho kilishikana na Starehe tangu miaka ya mwanzo. Tatu, ukatumika utaratibu wa wafadhili: mtu mmoja, au chama kimoja, kinachukua mzigo wa mtoto mmoja, na kuubeba hadi mtoto amalize. Mfadhili wa namna hii hatoi mara moja kisha akaondoka. Anajua kuko mtoto fulani, na mwaka ujao mtoto huyo atakuwa kidato cha juu zaidi, na atahitaji tena.

Tunadhani hapa ndipo siri ilipo. Watu wengi hupenda kutoa siku ya kwanza, siku ya picha. Siku ya kwanza kuko keki, kuko hotuba, kuko wakubwa waliovaa kaunda suti. Shida iko siku ya mia tano, wakati mtoto ana malaria, paa linavuja, na mwalimu hajalipwa. Anayemsaidia mtu wa namna ya Griffin sharti akubali kusaidia mambo yasiyo na sifa: chumvi, chaki, sabuni, mshahara wa mpishi. Starehe iliinuka kwa sababu ilipata watu waliokubali kulipa chumvi.

JINSI SHULE ILIVYOENDESHWA

Starehe haikubaki kuwa nyumba ya kulaza watoto. Ilikua ikawa shule ya msingi, ikaongeza sekondari, ikaongeza mafunzo ya ufundi. Mtihani wa taifa ulipofanywa, watoto waliokuwa wakiokota mabaki walikaa meza moja na watoto wa mawaziri, wakashindana nao, na mara nyingi wakawashinda. Kwa miaka mingi Starehe ilihesabiwa kati ya shule bora kabisa za Kenya.

Tueleze mambo manne ya uendeshaji wake, kwa maana walimu wetu watayapenda.

La kwanza ni minervali. Karibu wanafunzi 7 katika kila 10 hawakulipa kitu. Waliobaki walikuwa watoto wa wazazi wenye uwezo, nao walilipa kadiri ya uwezo wao. Kwa nini kuwapokea hata hao? Kwa sababu shule ya maskini peke yao hugeuka kuwa zizi ambalo watu huliangalia kwa huruma na dharau. Griffin hakutaka zizi. Alitaka shule ambayo hata tajiri atamani mtoto wake aingie. Na wote walivaa sawa, shati jekundu na kaptula ya bluu. Ukiwatazama uwanjani hukuweza kusema nani alitoka jumba kubwa na nani alitoka chini ya daraja.

La pili ni madaraka. Sehemu kubwa ya maisha ya shule iliongozwa na wanafunzi wenyewe, kwa viongozi waliochaguliwa na kufundishwa uongozi. Usafi, chakula, bweni, zamu, yote yalikuwa mikononi mwao. Somo la Wamumu lilikuwa halijasahauliwa.

La tatu ni baraza. Wanafunzi wote walikusanyika mbele ya mkurugenzi, na kila mmoja, hata mdogo wa darasa la chini, alikuwa na ruhusa ya kusimama na kuuliza au kulalamika. Maharagwe mabovu, kiongozi mwonevu, mwalimu asiyeingia darasani, mambo hayo yalisemwa wazi na yalijibiwa wazi. Shule nyingi huogopa jambo kama hilo. Lakini neno lililozuiwa mdomoni hutoka kwa mawe dirishani, na hilo twalijua hata sisi.

La nne ni huduma ya kujitolea. Mwanafunzi wa Starehe aliyepewa bure alifundishwa kutoa bure. Waliomaliza sekondari, wakati wakingoja chuo kikuu, walikwenda kufanya kazi bila mshahara: wengine hospitalini, wengine maofisini, wengine kufundisha katika shule zisizo na walimu. Kwa hiyo mtoto hakuambiwa kila siku kwamba yeye ni mtu wa kusaidiwa. Aliambiwa kwamba zamu yake inakuja.

Neno la shule ni fupi, tena ni la Kiswahili: Natulenge Juu. Hatuna haja ya kulitafsiri.

KAZI MBILI KWA MTU MMOJA

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wazungu wengi walifunga mizigo. Griffin alibaki. Mwaka wa 1964 serikali mpya ya Jomo Kenyatta ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, jeshi la kazi lisilo la vita, la kuwapa vijana wasio na ajira nidhamu, ufundi na kazi za ujenzi wa inchi. Serikali ilihitaji mkurugenzi. Ilimteua Griffin, mtu aliyekuwa afisa wa Mwingereza.

Tunaona hapa ukubwa wa pande zote mbili. Kenyatta mwenyewe alikuwa amefungwa na Waingereza kwa miaka mingi. Angaliweza kusema: huyu ni wa wale. Hakusema. Alitazama kazi ya mtu, akampa kazi kubwa zaidi. Griffin aliongoza Huduma hiyo mpaka mwaka wa 1988, miaka 24, na wakati wote huo hakuiacha Starehe. Alikuwa na maelfu ya vijana upande huu na mamia upande ule.

Katika waliopita Starehe tutamtaja mmoja tu, George Magoha. Huyo alisoma hapo ujana wake, akawa daktari mpasuaji, akaongoza Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005 hadi 2015, kisha akawa waziri wa elimu wa Kenya mwaka wa 2019. Alifariki Januari 2023. Lakini tusidanganyike kufikiri matunda ya shule ni mawaziri peke yao. Kwa kila waziri mmoja kuko mamia ya mafundi wa umeme, wauguzi, walimu, madereva na makarani ambao hakuna gazeti litakalowaandika, na ambao wasingekuwa hai au wangekuwa gerezani.

MWISHO WAKE

Kitu kimoja kilibaki. Starehe ilikuwa ya wavulana tu. Wasichana maskini wa Kenya walibaki nje ya lango kwa zaidi ya miaka arobaini. Huo ulikuwa upungufu, na dada zetu wa shule hii wanayo haki ya kuutaja. Mwaka wa 2005 Starehe ya wasichana ilifunguliwa nayo, nje kidogo ya Nairobi. Griffin aliishi kuona jambo hilo likianza, lakini hakuishi kuona likikua. Alikuwa mgonjwa wa saratani. Alikufa tarehe 28 Juni 2005, akiwa na miaka 72. Alikuwa ameongoza Starehe tangu vibanda viwili mpaka siku hiyo, miaka 45 na zaidi.

Baada yake shule ilipita katika misukosuko. Wakurugenzi walibadilika, na siku nyingine wanafunzi walifanya fujo. Hiyo ndiyo hatari ya kazi iliyosimama muda mrefu juu ya mabega ya mtu mmoja. Tunalitaja ili tusiandike hadithi yenye sukari peke yake. Hata hivyo Starehe haikufa, na mpaka leo inapokea watoto wa maskini.

TUNAJIFUNZA NINI SISI WA GOMA?

Katika mji wetu kuko watu wanaofanya kazi ya namna ya Griffin. Wengine tunawajua kwa majengo yao, kama nyumba ya Don Bosco kule Ngangi, ambayo imepokea yatima, watoto wa barabarani na watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Wengine hawana jengo. Ni mama anayelala na watoto sita wasio wake katika nyumba ya mbao. Ni fundi wa kushona anayefundisha wasichana watatu bila malipo. Ni kijana aliyemaliza masomo, hana kazi, lakini kila siku ya posho anakusanya watoto wa avenue yake na kuwafundisha kusoma kwa makaa juu ya kipande cha mbao.

Pia kuko wengine. Tunawajua nao. Wana kibao kikubwa barabarani, wana muhuri, wana gari siku fulani, lakini ukiuliza watoto wako wapi, utaambiwa wamekwenda mapumziko. Kwa ajili ya hao, watu wengi wamechoka kusaidia, na huyo mama wa nyumba ya mbao ndiye anayeumia. Kwa hiyo kumsaidia mtu anayesaidia watoto ni kazi yenye akili. Maisha ya Griffin yanatupa maswali ya kumpimia mtu kabla ya kumpa hata franga moja.

Je, watoto wenyewe wanaonekana, na wana ruhusa ya kusema? Starehe walikuwa na baraza. Mahali ambapo mtoto hawezi kufungua mdomo mbele ya mgeni, tuwe na mashaka.

Je, mtu huyo ana wenzake, au ni yeye peke yake na mfuko wake? Griffin alikuwa na Geturo na Gikubu.

Je, watoto wanapewa kitu kizuri, au mabaki? Kuna watu wanaoamini kwamba mtoto wa barabarani hata akifundishwa kuhesabu mpaka mia moja inatosha. Starehe walimlenga juu kama mtoto wa waziri.

Je, mtoto anafundishwa kutoa? Ukimlisha mtoto miaka kumi bila kumpa zamu ya kumlisha mwingine, umemnyima kitu.

Ukipata majibu mazuri, basi saidia, na usisaidie mara moja tu. Msaada mdogo wa kila mwezi unamfaa mwenye kazi kuliko mfuko mkubwa wa Noeli, kwa sababu wa kila mwezi anaweza kuupangia.

Mtasema: sisi ni wanafunzi, hata minervali yetu wazazi wanaitafuta kwa jasho, wanasukuma chukudu, wanauza makala, tutatoa nini? Ni kweli. Lakini feza siyo kitu cha kwanza ambacho watoto wale wamekosa. Wamekosa mtu wa kuwafundisha kuandika majina yao, na sisi wote tunaosoma gazeti hili tunajua kuandika. Wafinalisti wakimaliza mtihani wa Serikali wanakaa miezi wakingoja majibu. Vijana wa Starehe walitumia miezi kama hiyo kufundisha na kusaidia hospitalini.

Na jambo la mwisho, ambalo halina gharama yoyote. Humu humu darasani mwetu kuko wenzetu waliokaa kambini, kuko waliolala nje, na labda kuko aliyebeba bunduki akiwa mdogo kuliko ndugu zetu wa darasa la kwanza. Hawakuomba kuitwa majina. Anayemwita mwenzake maibobo au kadogo wakati wa mapumziko, hata kwa mchezo, anamrudisha pale alipotoka kwa shida. Tuanze na hilo Jumatatu asubuhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Griffin na Gikubu waliweza kufanya kazi pamoja, wakati vita vilikuwa vimewatenga?

2. Je, ni haki shule ya watoto maskini kupokea pia watoto wa matajiri? Toeni sababu za pande zote mbili.

3. Katika avenue yenu, ni nani anayesaidia watoto bila kujulikana? Anahitaji nini kila mwezi, na ni kipi kati ya hivyo darasa lenu linaweza kukipata?

Majibu ya swali la tatu tunayataka kwa maandishi. Yaleteni kwa kiongozi wa darasa kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tutayapeleka kwa Bwana Prefe.